Chumvi nimepunguza, mbona presha haishuki?

SWALI: Nina miaka 47, naishi Kondele, Kisumu. Kliniki walinipima presha ikawa 148/94, wakaniambia nipunguze chumvi. Kwenye mboga naweka chembe tu, lakini miezi miwili sasa presha iko pale pale. Tunakula ugali, mrenda, osuga (mnavu) na omena. Nakosea wapi?
Mama Watatu

JIBU: Mama Watatu, vyakula hivyo havina ubaya. Hebu angalia vinavyoandamana navyo sufuriani. Kinachopandisha presha katika chumvi ni sodiamu, na magadi unayolainishia mrenda yamejaa sodiamu hiyo hiyo. Viungo vya mchuzi vya pakiti navyo, sehemu kubwa ni chumvi. Ukivimimina kwenye omena kisha ukaongeza "chembe tu", umetia chumvi mara mbili.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa, ikiwemo ile ya kwenye mkate. Kupima kila sufuria kunachosha, kwa hivyo pima pakiti. Siku unapofungua ya nusu kilo, iandike tarehe. Watu watano wakila gramu 5 kila mmoja, wataimaliza kwa siku 20. Kwa kuwa watoto wanahitaji pungufu, na mkate una yake, yenu inafaa ifike mwezi. Ikiisha kwa wiki mbili, jibu unalo.

Magadi watu huyatia kwa sababu majani yamekomaa. Hulainisha na kutunza ukijani, lakini huharibu vitamini C na B1. Chuma majani machanga. Chemsha kikombe kimoja cha maji, tangulia na majani ya kunde, yakilegea tia mrenda, koroga, epua baada ya dakika chache. Osuga ikiwa chungu, imalizie kwa nusu kikombe cha maziwa, moto mdogo. Omena ioshe kwa maji vuguvugu hadi mchanga uishe, ikaushe kwenye sufuria bila mafuta, kisha kaanga kitunguu na nyanya kwa vijiko viwili vya mafuta. Ndimu ikamue baada ya kuepua: ukali wake huufanya ulimi usiulize chumvi iko wapi.

Kama ulipewa dawa, usiziache. Na rudi kliniki upimwe tena, maana kwa wengine chakula pekee hakitoshi.

SWALI: Mwenye presha aache ugali wa usiku?
Msomaji, Nakuru

JIBU: La. Bonge liwe kama ngumi yako, mboga zichukue nusu ya sahani. Unga uwe wa mashineni, usiokobolewa. Ule mweupe umeondolewa pumba, ndiyo maana saa nne usiku unatafuta mkate.