RAV4 inaserereka na taa tatu zimewaka: kabla hujanunua difu, soma hapa

Mkuu uliyeuliza kutoka Urambo, nimekusoma. RAV4 ya 2007, tairi la mbele kushoto linazunguka bure kwenye tope huku ya nyuma yamelala tu, taa za ABS (breki zisizofunga tairi), VSC (udhibiti wa kuteleza) na 4WD (kuvuta kwa matairi manne) zimewaka kwa pamoja, na fundi anataka ununue difu ya mtumba, yaani ile gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa matairi mawili. Usitoe hela kwanza. Ninalo toleo hilohilo, likanifanyia hivyohivyo masika yaliyopita kwenye njia za vijijini huku Sikonge, na difu yake mpaka leo ni ileile iliyotoka nayo Japani.

Gari hili si Land Cruiser ya kuingiza fowili (hiyo 4WD) kwa mkono. Muda mwingi linavutwa na matairi ya mbele. Kabla ya difu ya nyuma kuna klachi inayoendeshwa kwa umeme, wengine wanaiita kaplingi. Kompyuta ikiona ya mbele yanazunguka kuliko ya nyuma, inaibana na nguvu inapelekwa nyuma. Inayaonea wapi? Kwenye sensa nne za ABS zinazosoma kasi, moja kila tairi. Sensa moja ikikatika, kompyuta haijui tena nani anateleza, inazima mifumo yote hiyo mitatu. Na difu za hili gari ni za kawaida, nguvu yote inakimbilia tairi lisilo na mzigo. Kinachokuokoa ni breki: mfumo wenyewe unalibana tairi linalozunguka bure ili mwenzake apate nguvu. ABS ikilala, na huo msaada umeondoka. Kwa hiyo taa zako tatu mimi nazihesabu kama ugonjwa mmoja.

Ila kabla ya kupima kwa mashine, ingia uvunguni uhakikishe propela ipo, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu nyuma. Sikutanii. Kuna watu wanaitoa wakiamini gari litapunguza kunywa mafuta, halafu wanaliuza wakiwa kimya. Kama haipo, maswali mengine yote yasubiri.

Propela ikiwepo, tafuta fundi umeme mwenye mashine inayosoma ABS. Vile vidude vya bei rahisi vya kuunganisha na simu mara nyingi vinasoma injini tu, vitakuambia gari ni zima. Kwa Toyota namba za makosa za kuangalia ni C0200 mbele kulia, C0205 mbele kushoto, C0210 nyuma kulia na C0215 nyuma kushoto. Kwangu ilitoka C0215. Sasa hapo ndipo wengi wanakimbilia kununua sensa mpya, wakati namba inakuambia upande tu, haikuambii kilichokufa ni nini. Tulitoa tairi tukaufuata waya kwa vidole. Kishikio kimoja kilikuwa kimeng'oka, waya ukawa unaning'inia na kujisugua kwenye chuma kila gari likiruka shimo. Ganda la nje lilikuwa na mchubuko mdogo usioweza kuuona ukiwa umesimama. Fundi alipoukunja, shaba ya ndani ikatokea ya kijani, inapukutika kama unga. Akakata kipande kibovu, akaunga kwa kuchomea risasi, akafunga tepu na kurudisha kishikio. Taa zote tatu zikazima baada ya kufuta makosa na kuzunguka mjini kidogo. Kama uliwahi kubadilisha beringi ya tairi karibuni, mwambie fundi: kwenye magari mengi pete ya sumaku inayosomwa na sensa imo kwenye beringi yenyewe, na ikifungwa kinyume sensa haisomi kitu.

Halafu matairi. Hukuyataja kabisa, na hapa ndipo nina ugomvi na sisi wenye magari wa Tabora. Unaweka mawili mapya mbele, nyuma unaacha vipara, au unachanganya saizi kwa sababu ndiyo yaliyopatikana. Tairi lenye mzunguko mdogo huzunguka kasi zaidi hata kwenye lami kavu, kompyuta inadhani kuna kuteleza, kaplingi inafanya kazi bila kupumzika hadi ichemke, kisha inajizima. Pima kila tairi kwa futi ya fundi nguo, mzunguko mzima. Ukinunua ya mtumba soma namba nne za mwisho za mwandiko unaoanza na DOT ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Tairi gumu la zamani halishiki hata likiwa na kashata (mikato ya juu) nzuri.

Vyote vikiwa sawa, bado kuna namna ya kuendesha. Bonyeza swichi ya LOCK, inayoifunga kaplingi ili nguvu iende nyuma, kabla hujaingia kwenye tope, usisubiri ukwame. Inakaa kwenye mwendo mdogo tu. Ukipita kilomita 40 kwa saa inajitoa, na ukikanyaga breki pia inalegea. Kwenye mchanga punguza upepo wa matairi, mimi nashuka mpaka psi 20 hivi, nikifika lami najaza tena. Kwenye ule udongo mweusi wa mbuga za kuelekea Igunga upepo hausaidii sana, udongo unaziba kashata tairi linakuwa laini kote. Hapo ikiwa gari linajipunguza nguvu lenyewe kila ukikanyaga mafuta, zima udhibiti wa kuteleza kama lako lina swichi yake, matairi yapate kujirushia tope. Ukivuka, washa.

Difu iangaliwe mwisho, na kuiangalia ni kufungua nati ya oili tu. Ikitoka na rangi ya maziwa, maji yaliingia ulipovuka mto: mwaga, weka mpya, badilisha sili. Ikitoka na vipande vya chuma, hapo fundi wako ana hoja.

Ukipima weka namba zilizotoka hapa, na useme matairi ni saizi gani mbele na nyuma.