Jibu: Mimba ya wiki 11, miaka 38, nipime Down au niache?
Hongera dada. Umesema daktari kakushauri kipimo cha Down sindromu (hali ya kuzaliwa nayo, inayochelewesha ukuaji na akili ya mtoto) kwa sababu ya umri, na mumeo anaona ni kujitafutia presha tu.

Kwanza usichanganye. Vipimo vya kawaida vya kliniki, VVU, kaswende, wingi wa damu, kundi la damu, hivyo havina mjadala. Hiki cha Down ndicho cha hiari.

Mimi nilipima nikiwa na miaka 39. Damu, pamoja na ultrasaundi ya kupima nyuma ya shingo ya mtoto. Hiyo hufanywa wiki ya 11 hadi 13, kwa hiyo usikae sana. Karatasi ikaja imeandikwa 1:140. Mume wangu alikaa kwenye benchi la korido, jasho linamtoka. Kumbe maana yake, katika mimba 140 kama yangu, 139 mtoto hana Down! Kipimo kinakadiria tu. Uhakika unataka sindano ya kuchota maji yanayomzunguka mtoto, kuanzia wiki ya 15, nayo ina hatari ndogo ya mimba kutoka. Niliikataa.

Jiulizeni kabla hujatoa damu: tukiambiwa uwezekano ni mkubwa, tutafanya nini? Kama jibu ni "hakuna", mumeo ana hoja. Ila karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na tatizo la moyo, na ukijua mapema unachagua pa kujifungulia. Kwa hilo tu, mimi ningepima tena.