Mtoto anatapika hata ORS: mpe kwa kijiko, kikombe kiweke mbali

Pole sana dada. Umesema mtoto ana mwaka na miezi minne, anatapika tangu jana jioni, ORS uliyompa (ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji) kairudisha yote, na jirani anakushauri usimpe chochote ili tumbo lipumzike. Mimi si daktari. Ni baba wa watoto watatu hapa Tabata, wote wamepita humo, na haya nimeyapata kwa manesi wa kliniki na kwa kukesha.

Kwanza mwangalie sasa hivi. Kama amelegea na ni vigumu kumwamsha, hawezi kunywa, anarudisha hata kijiko kimoja, amepata degedege, anatapika kijani au damu, ana damu kwenye choo, au tumbo limevimba na ni gumu, acha kusoma, tafuta bajaji uende hospitali. Kama anaweza kumeza, endelea kumpa kijiko njiani; foleni ya barabara ya Mandela unaijua.

Kama hayupo hivyo, ushauri wa jirani uache. Ukimnyima vyote, anazidi kukauka. Ugonjwa huu hatari yake ni maji na chumvi zinazotoka mwilini, na mwili mdogo hauna akiba. Ongeza joto letu hili, usiku umeme umekatika na feni imelala, jasho nalo linachukua chake.

Kutapika ORS si kwamba imemkataa. Nahisi alipewa kikombe, na kwa kiu aliyonayo akakigugumia chote. Tumbo lililovurugika ukilijaza kwa mkupuo linarudisha. Mpe kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kila baada ya dakika moja au mbili. Unaona ni kidogo, lakini piga hesabu: kijiko kila dakika mbili ni mililita 150 kwa saa, kikombe kidogo cha chai kizima, na kinakaa. Akitapika, subiri dakika 10, anza tena kwa mwendo wa polepole zaidi.

Inachosha, sikufichi. Mke wangu na mimi tulikuwa tunapokezana, mmoja analala kidogo, mwingine anashika kijiko. Wa kwetu wa pili alikuwa anakaza meno akikiona tu, nikanunua bomba la sindano la mililita 5 pale duka la dawa, bomba lenyewe bila sindano yake. Mkalishe, kichwa kiinuke kwenye mkono wako, ncha ipitishe pembeni ndani ya shavu, usukume taratibu. Usielekeze kooni, atapaliwa. Mama mkwe alituona wakatili: mtoto analia ananyooshea kikombe mkono, sisi tunampimia matone. Siku moja akabaki naye sebuleni akamwachia kikombe anywe ashibe. Haikuchukua muda, kanga yake yote ikaloa. Tangu hapo msimamizi mkuu wa kijiko ni yeye, na hataki mchezo.

Kuchanganya: tafuta chupa tupu ya maji ya dukani ya lita moja, ioshe vizuri. Pakiti imwage yote kwenye ujazo ulioandikwa juu yake, pakiti nyingi ni za lita moja. Usikisie nusu pakiti kwenye kikombe. Ikiwa nzito chumvi inamzidi, ikiwa nyepesi haimsaidii. Maji yawe yamechemshwa yakapoa, hata kama ni ya bomba la DAWASA. Usiongeze sukari eti iwe tamu. Iliyopita saa 24 mwaga. Sukari iliyomo ndiyo inayosaidia chumvi kupenya kwenye utumbo, na maji yanaifuata, kwa hiyo maji matupu peke yake hayatoshi. Soda na juisi za boksi zina sukari nyingi mno, zinavuta maji kuingia utumboni na kuhara kunazidi.

Madafu najua yatatajwa hapa chini kwenye maoni. Yana potasiamu nyingi ila sodiamu kidogo, na sodiamu ndiyo anayoipoteza zaidi. Aonje akipenda, lakini hayawezi kukaa badala ya ORS. Usiku wa manane maduka yakiwa yamefungwa, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, visiwe na mlima juu. Chumvi hiyo usikosee. Asubuhi nunua pakiti.

Kama bado ananyonya, anyonye, mara nyingi na kwa muda mfupi. Chakula usimlazimishe sasa. Akitulia mpe uji mwepesi, ndizi, wali laini. Kuhara mara nyingi huja nyuma ya kutapika, na kwa umri wake kila choo cha maji mrudishie mililita 50 hadi 100 za ORS, kwa kijiko hichohicho. Hapo omba na zinki kituoni, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, na usiikatishe hata choo kikifunga.

Dawa za kuzuia kutapika au za kufunga choo usijinunulie, wala usimpe Flagyl iliyobaki ya kaka yake. Na atakayekuambia ni meno ya plastiki (imani potofu kwamba vijino vinavyochipua ndivyo vinavyomwumiza) yang'olewe, mshukuru ufunge mlango.

Kipimo chako cha nyumbani ni mkojo. Pampasi zinadanganya, hasa akiharisha, mimi huwa namfunga nepi ya kitambaa ili nione. Akikaa saa sita bila kukojoa, analia bila machozi, mdomo mkavu, macho yameingia ndani, au ukifinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, kijiko cha nyumbani hakitoshi tena, mpeleke usiku huohuo. Waambie alikojoa mara ya mwisho saa ngapi, watakuuliza.

Hukutaja homa. Kama anayo, apimwe malaria leo, hata kama kutapika kumekata.