Kukata Pembe ya Nyumba Kama Paris

SWALI: Nina kiwanja cha kona Ligula. Chini nataka duka, juu nyumba ya kuishi. Kwenye picha za Paris naona majengo ya kona yamekatwa pembe, na mlango uko palepale kwenye mkato. Fundi anasema ni urembo tu, nguzo moja ya kona inatosha. Ni kweli? (Msomaji, Mtwara)

JIBU: Si urembo tu, na nguzo moja haitoshi.

Haussmann, mkuu wa mkoa aliyeijenga upya Paris, alipousimamia mji ule, kuanzia 1853 hadi 1870, barabara pana zilipasuliwa katikati ya mitaa ya zamani, nyingi kwa mshazari. Viwanja vya njia panda vikabaki na ncha kali kama sambusa. Kwenye ncha ile hata kitanda hakikai, na nje magari ya farasi yangeigonga. Ilipokatwa, chini pakapatikana mlango wa duka, juu sebule inayotazama barabara zote. Shida yao iko nyuma: pembe ya ndani, upande wa ua, haina mwanga, ndiyo maana ngazi na jiko mara nyingi viko huko. Hilo liige bila kusita.

Sasa kwako. Kutoka kwenye ncha ya kona pima mita 2 kila upande, piga vigingi, kisha pima kati yake. Kwa kona ya mraba (nyuzi 90), futi isome mita 2 na sentimita 83. Ikipungua, kona yako ni kali, ikizidi, imepanuka. Usichimbe msingi kabla ya kulijua hilo.

Nguzo ni mbili, moja kwa kila kigingi, kila moja na kitako chake. Ukiiacha ghorofa itokeze hadi kwenye ncha ya zamani, pembetatu nzima itaning'inia hewani, na nyufa zitaanzia juu ya mlango. Kata juu na chini sawasawa, tena kwa mchoro wa mhandisi.

Linta, yaani boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mafundi wengi huikatisha kwenye mkunjo, na hapo ndipo panapofunguka. Ipite mfululizo: nondo ya milimita 12 ikunjwe na ipitilize sentimita 60 upande wa pili. Ifunikwe na zege sentimita 4, maana upepo wa bahari hapa hauisamehe nondo iliyo karibu na uso, na mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa.