Besi Tamu ya Dukani Inavyokuangusha Jukwaani

Besi ya kwanza niliyonunua kwa pesa yangu mwenyewe ilikuwa ya nyuzi tano, nyekundu iliyoiva, vitufe vitano, betri tumboni. Niliijaribu dukani Kariakoo, nimekaa peke yangu kwenye kiamplifaya kidogo, nikajiona nimemaliza. Chini imejaa, juu inang'aa kama kijiko kipya. Wiki mbili baadaye tuko kwenye harusi, ukumbi mmoja wa Sinza, wimbo wa pili ndiyo kwanza unaingia kwenye chemko, besi ikaanza kukoroma kama redio inayoishiwa betri, kisha ikanyamaza kabisa. Maharusi wako katikati ya ukumbi. Mpiga tumba akanigeukia kwa jicho ambalo sijalisahau.

Kosa lilikuwa langu. Tulifanya mazoezi Alhamisi, nikaiacha besi na waya wake umechomekwa hadi Jumamosi. Kwenye besi za betri, kuchomeka jeki ndiyo kuwasha. Nilikuwa nimeiacha imewaka siku mbili.

Kijana mmoja alikimbizwa dukani, akaleta betri ya mraba ya volti 9, sauti ikarudi. Na hapo ndipo nilipopata somo lenyewe. Ilirudi, lakini haikusikika. Fundi mitambo akawa ananionyesha kidole juu, ongeza, ongeza. Naongeza, ukumbi unatetemeka, vikombe vinacheza mezani, na bado hakuna aliyeweza kusema ninapiga noti gani. Ile sauti niliyoipenda dukani ilikuwa chini na juu tu, katikati pametobolewa. Chini kule kuna dramu la mguu. Juu kuna visahani, kinanda na gitaa la solo. Besi haikubakiwa na pa kukaa.

Baada ya shoo, mzee mmoja aliyepiga besi kwenye bendi za dansi kabla sijazaliwa aliniita pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, akasema tu: "Mwanangu, hiyo ni sauti ya chumbani." Akaondoka na soda yake.

Nimeshapiga besi miaka kumi na minne tangu hapo: ukumbini wikiendi, kanisani Jumapili, studio wakiniita. Vijana wananiuliza wanunue ipi. Jibu langu la kwanza huwa swali: utaipigia wapi, na nani atakuwa amesimama pembeni yako?

Uzi wa E, ule mnene kuliko yote kwenye besi ya nyuzi nne, ukiupiga wazi bila kuubonyeza popote, hutetema kama mara 41 kwa sekunde. Simu haiwezi kutoa sauti ya chini hivyo, na spika nyingi za kumbi zetu nazo zinajitutumua tu. Anachokisikia msikilizaji ni zile sauti za juu yake ambazo uzi huo huo unazitoa, na sikio lake linajazia lililobaki. Kwa hiyo besi yenye katikati nzuri inasikika hata kwenye spika mbovu, na besi iliyojaa chini tu inapotea hata kwenye spika nzuri. Hili nilipolielewa, nikaacha kuogopa besi ambazo dukani zinasikika kavu, hata za kuchosha.

Ya kuchosha kuliko zote ni Precision na nakala zake. Mmarekani Leo Fender ndiye aliyeitoa mwaka 1951, na jina hilo, yaani usahihi, lilitokana na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo: weka kidole nyuma ya chuma, noti inatoka sahihi, tofauti na lile dubwana la besi ya kusimama lisilo na alama. Mwaka 1957 ikapewa pikapu iliyogawanywa vipande viwili (pikapu ya gitaa, ile sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi, siyo ya kubebea mchanga), kila kipande na nyuzi zake mbili, na vimefungwa kinyume ili mvumo wa umeme ujifute wenyewe. Vitufe viwili tu, voliyumu na toni. Hakuna betri ya kukuaibisha. Mdogo wake, Jazz Bass ya mwaka 1960, ana pikapu mbili na shingo nyembamba zaidi upande wa juu. Vidole vinaipenda na ina sauti nyingi zaidi, ila ujue tabia yake: ukifungua voliyumu zote mbili sawasawa mvumo unajifuta, ukipunguza moja unarudi. Kwenye ukumbi wenye taa za tyubu na jenereta nyuma ya jiko, mvumo huo utausikia kila wimbo unapokwisha.

Sisemi ununue Fender. Mimi mwenyewe ninayopigia kazi nyingi ni nakala, nimeinunua kwa mtu, shilingi laki nne na nusu, na jina lililoandikwa kichwani pake limeshafutika.

Dukani au kwa mtu, usianze na amplifaya. Vaa mkanda kwanza, simama, achia mikono yote miwili. Shingo ikidondoka kuelekea sakafuni, utaishikilia kwa mkono wa kushoto maisha yako yote, na bendi za dansi zinaanza saa tatu usiku zikimaliza saa tisa. Uzito nao uupime hapo hapo. Kilo nne zinabebeka. Zikikaribia tano bega litakuambia kabla ya saa sita. Kisha piga kila noti ya kila uzi, polepole, freti moja moja, bila kuchomeka waya, sikio ukiwa umelilaza kwenye pembe ya bodi. Utasikia freti inayogonga. Utasikia pia noti inayokufa mapema kuliko jirani zake, mara nyingi kwenye uzi wa G, freti ya tano hadi ya saba. Karibu besi zote za shingo ya kufungwa kwa skrubu zina sehemu kama hiyo. Jukwaani haina shida, studio itakuumbua.

Nyuzi tano je? Kanisani nakubali. Mwimbaji akishuka nusu noti, kinanda kinabonyezwa kitufe kimoja, nawe wa nyuzi nne unabaki bila Eb ya chini. Lakini besi nyingi za bei nafuu zina nyuzi zenye urefu wa inchi 34, kutoka mwisho wa shingo hadi zinapolala chini kwenye bodi, kama zile za nyuzi nne, na uzi wa B unalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Jaribu hivi: piga B kwenye freti ya tano, kisha E wazi. Ni noti ile ile. Ya kwanza ikitoka kama inapigwa ndani ya ndoo, achana na besi hiyo. Njia nyingine niliyoitumia miaka mitatu ni kununua seti ya nyuzi tano, nikafunga zile nne nene kwenye besi ya nyuzi nne, B hadi D, nikaiacha G. Utahitaji kupanua kidogo ile mitaro kwenye kipande cheupe kilicho mwisho wa shingo, kwa tupa nyembamba, na chuma cha ndani ya shingo kirekebishwe maana mvuto umebadilika. Ilinigharimu pesa ya nyuzi tu.

Sasa kurekebisha. Watu wanakimbilia kubadilisha pikapu, mimi huwa naiweka mwisho kabisa. Besi ya laki nne iliyopangwa vizuri inaishinda ya milioni mbili iliyoachwa ilivyotoka kwenye boksi, na unahitaji alenki mbili na bisibisi.

Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na pale shingo inapoungana na bodi kwa mkono wa pili. Angalia katikati, freti ya saba au ya nane. Kadi ya biashara ipite kwa shida kati ya uzi na freti. Pengo likiwa kubwa, kaza chuma cha shingo. Likiwa halipo kabisa, legeza. Robo mzunguko, kisha pumzika, kanywe chai, rudi upime. Nimeona shingo iliyopasuliwa na mtu mwenye haraka. Ikiwa sawa, panga kimo cha nyuzi juu ya freti kwenye briji, kile chuma kinachozishikilia chini kwenye bodi, halafu ulinganishe noti ya freti ya 12 na ile sauti ya kengele inayotoka ukiugusa uzi hapo hapo bila kuubonyeza. Iliyobonyezwa ikiwa juu, kirudishe nyuma kile kipande ambacho uzi umelala juu yake. Wengi wanadhani sikio lao ni bovu, kumbe kipande hicho kimesogea milimita mbili tu.

Na usiipandishe pikapu karibu sana na nyuzi ukitafuta sauti kubwa. Sumaku itauvuta uzi, noti itayumba, na tyuna haitakubaliana nawe.

Freti zikichakaa, tafuta fundi aliyewahi kufanya kazi hiyo na ukaone gitaa alilotengeneza. Mimi nilimpa mtu aliyenihakikishia anaweza. Akapitisha msasa juu ya freti bila kufunika mbao, nikarudishiwa shingo yenye mikwaruzo kama kibao cha kukatia mboga. Nilimlipa, kwa aibu ya kuona amejitahidi.

Mambo ya umeme fundi redio yeyote makini anayaweza. Ukiwa na besi inayovuma, fungua kifuniko, bandika karatasi ya shaba kwenye shimo lote la vitufe na la pikapu, uiunganishe na waya wa ethi. Foili ya jikoni inasaidia pia, ila risasi ya lehemu haishiki kirahisi kwenye alumini. Angalia ncha ya waya unaobeba sauti isiguse karatasi hiyo, vinginevyo utafunga kifuniko, uchomeke waya, upate ukimya mtupu. Yalinikuta, nikalaumu amplifaya saa nzima. Kuna na hatari ambayo si ya kucheka nayo: ukumbi ambao umeme wake hauna ethi. Mkono kwenye nyuzi, mdomo kwenye maiki, unapigwa shoti. Kabla ya kuimba, gusisha uzi wa besi kwenye wavu wa maiki. Ukiona cheche, usiisogelee maiki hiyo mpaka fundi mitambo arekebishe.

Nyuzi ndizo zitakazobadilisha sauti yako kuliko kitu chochote, na pwani hii hazidumu. Nyuzi za kawaida, zile unazozisikia zikikwaruza kidole, kwa jasho na hewa ya chumvi zinakufa baada ya wiki chache. Nazifuta kwa kipande cha khanga kila baada ya shoo. Nimewahi pia kuzichemsha kwenye sufuria, mafuta yakatoka, zikapata uhai wa wiki moja mbili, na nikanunua sufuria mpya kwa amri ya mwenye jiko. Siku hizi besi ya dansi nimeifunga nyuzi bapa. Hazikwaruzi, hazing'ai, na zinakaa miaka. Sikiliza rekodi za zamani za Radio Tanzania, bendi za dansi kama Msondo na Mlimani Park: besi mviringo, noti fupi, inamwachia mpiga tumba nafasi yake. Ukija na nyuzi mpya zinazolia kama seti ya vijiko, utapigana na solo usiku mzima.

James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya rekodi ya Motown ya Marekani, alirekodi miaka mingi kwa Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa nene, na sponji chini ya kifuniko cha briji kuufanya mlio uwe mfupi. Niliposoma habari hiyo nikaenda jikoni, nikakata kipande cha sponji ya vyombo, upana wa vidole viwili, nikakisokomeza chini ya nyuzi karibu na briji. Kigusane na nyuzi tu, kisizibane.

Hiyo sponji ndiyo iliyonipa kazi studio moja ya Temeke. Nilibeba besi mbili, ile nyekundu na nakala yangu. Prodyuza akaipenda nyekundu, tukarekodi nayo kwanza, moja kwa moja bila amplifaya. Kwenye spika zake kubwa ilikuwa na raha ya ajabu. Nikamwomba turudie na ile nyingine: toni nimeishusha nusu, sponji chini ya nyuzi, kidole napiga katikati ya pikapu na mwisho wa shingo. Alikunja uso. Ikiwa peke yake ilisikika kama mtu anayegonga boksi. Nikamwambia asiamue leo, achanganye zote mbili na sauti za waimbaji, anitumie.

Alinitumia siku mbili baadaye. Nilizisikiliza kwenye simu, bila spika za masikioni, ndani ya daladala ya Mbagala, dirisha wazi, konda anaita abiria. Ya kwanza nilisikia waimbaji na drams. Ya pili nikasikia kila noti, na abiria aliyekaa pembeni yangu akaanza kugonga goti.