Vikaragosi (sanamu za kuchezesha) uwanja wa Furahisha Mwanza, stendi na ziwani: maswali yenu

Hivi neno kikaragosi limetoka wapi? (msomaji, Igoma)
Mi nalisogeza karibu na Karagöz, yule jamaa wa mchezo wa kivuli wa Waturuki, jina lake maana yake jicho jeusi, kazi yake kubishana na mwenzake Hacivat usiku kucha. Wamisri nao wana Aragoz.

Wasukuma tulikuwa navyo au tunaiga wazungu? (Magu)
Tulikuwa navyo bwana! Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma, wakishindana, mshindi ni aliyevuta watu wengi upande wake, sa hapo kila mtu anatoa alichonacho, huyu chatu shingoni, yule sanamu la mbao mikono inachezacheza, watu wanahama mbiombio. Nenda Bujora, Kisesa, mwezi wa 6 kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo.

Nimesikia Vietnam wanacheza majini. Tufanye ziwani Capripoint? (Kirumba)
Swali tamu hili. Wale wanasimama ndani ya maji mpaka kiunoni nyuma ya pazia la mianzi, kikaragosi kiko juu ya fito ndefu inayopita chini ya maji, we unaona joka linaogelea lenyewe tu. Walianzia kwenye majaruba ya mpunga huko bonde la Mto Mwekundu. Sa ziwa letu, kwanza kichocho, usimsimamishe mtoto wa watu saa nzima kwenye maji ya ufukweni yenye magugu, pili upepo wa mchana ukianza mawimbi yanakugeuzia joka kichwa chini. Chimba kibwawa, tandika turubai, maji yawe na tope kidogo, yakiwa meupe fito inaonekana na utamu umeisha hapohapo.

Nikacheze vikaragosi stendi ya Nyegezi au mall? (bila jina)
Stendi watu wanawaza basi na mizigo. Mimi nilijaribu na cha soksi, macho vizibo vya soda, wapiga debe wakanimeza sauti, akabaki bibi mmoja na ndoo ya dagaa, naye alikuwa anasubiri gari. Cha mkononi ni cha watu thelathini waliokaa chini. Ukitaka uwanja kama Furahisha fanya kama Markala kule Mali, mnyama mkubwa aliyefunikwa nguo, watu wako ndani yake, anaonekana toka mbali hata spika ikizima.

Kibali? (Buhongwa)
Anzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri, na nenda mapema, sio ijumaa jioni shoo jumamosi.