Nani anamgeuza mgonjwa kitandani? Majibu ya maswali yenu kuhusu afya na ustawi wa jamii

Maswali ya safari hii yana kilio kimoja. Hospitali inatibu, ustawi wa jamii wanaandika, mtaa unagonga muhuri, na mgonjwa bado kalala palepale. Nimefanya uuguzi wa jamii hapa Tanga miaka mingi, na jambo hili linaniuma.

Shikamoo mama. Mama yangu ana miaka 74, kapooza upande wa kulia. Karuhusiwa wodini, tukaambiwa tumfanyishe mazoezi nyumbani. Nimekwenda ustawi wa jamii, wakataka barua ya mtaa. Mtaa wakanirudisha zahanati. Nani hasa anahusika? (Msomaji, Makorora)

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Hebu tuone kamba inakatikia wapi. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kama Bombo yetu, iko chini ya Wizara ya Afya. Zahanati na vituo vya afya viko chini ya halmashauri, zinazosimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mgonjwa akivuka geti la hospitali kurudi nyumbani, amehama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na mara nyingi hakuna aliyempigia simu wa pili kumwambia "anakuja kwako". Lakini zahanati na ustawi wa jamii wa halmashauri hawana kisingizio hicho. Kwa muundo wa sasa, afya, ustawi wa jamii na lishe ni idara moja. Hao wawili wana mkuu mmoja, kwa hiyo si kazi yako kuwapelekea ujumbe wao kwa wao.

Toa nakala ya karatasi ya kuruhusiwa, impe mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo kilicho karibu nawe, na umwombe amwandike mama kwenye orodha ya wagonjwa wa kutembelewa nyumbani. Mtake yeye ndiye awasiliane na afisa ustawi. Uliza pia mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu ni nani. Mpango wa taifa uliozinduliwa 2024 unalenga wahudumu 137,294 nchi nzima, na hao ndio wanaoweza kufika mlangoni kwako. Na kwa kuwa mama amepita miaka 60, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua kuwa mzee. Kama hana uwezo, anastahili kutibiwa bila malipo, ila lazima awe ametambuliwa na kuandikishwa. Hapo ndipo barua ya mtaa ina kazi.

Nakumbuka bibi mmoja niliyemkuta na bahasha ya kaki chini ya mto. Ndani mlikuwa na kadi ya kliniki, barua ya mtaa yenye muhuri wa mwaka uliopita, na karatasi ya wodini iliyokunjwa mara nne hata maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika. Mgongoni alikuwa na kidonda cha kulala, upana wa kisahani cha kikombe. Kila ofisi ilikuwa imetimiza wajibu wake kwenye karatasi. Hakuna aliyefundisha mjukuu wake wa miaka kumi na mbili jinsi ya kumgeuza.

Mpango wa zahanati unapangwa na nani, na lini? Sisi huitwa kuchangia nguvu kazi tu. (Msomaji, Pongwe)

Kila kituo kinatakiwa kuandaa mpango wake, na anayeuandaa ni mganga mfawidhi pamoja na kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwa wananchi. Mipango ya vituo inaingia kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri, kisha baraza la madiwani linapitisha. Tangu mwaka wa fedha wa 2017/18, fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kwa hiyo mpango huo si karatasi ya kupamba kabati. Kilichoandikwa humo ndicho kinacholipwa.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na Bunge la bajeti linaanza Aprili. Hesabu kurudi nyuma utaona kwamba ya mtaani lazima yasemwe kabla mwaka wa kalenda haujaisha. Ukija Mei, chungu kimeshaepuliwa.

Na mkisema, semeni kwa hesabu. "Tunaomba huduma bora" haina kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti. Lakini mtaa ukihesabu wagonjwa wasiotoka nyumbani, ukaandika ni wangapi wanalelewa na watoto tu, ukataka ziara moja kila mwezi ya muuguzi pamoja na afisa ustawi, hapo kuna shughuli, kuna tarehe na kuna nauli. Bila nauli iliyopangwa ziara haifanyiki, nawaambia kwa kuwa nimeshakaa ofisini na orodha mkononi nikikosa pesa ya bodaboda. Hakikisheni ombi lenu limeingia kwenye muhtasari wa mkutano, na nakala mbaki nayo.

Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Mazoezi yako mjini, na nauli inanishinda. (Mama, Tongoni)

Pole mama. Kliniki ya mkoba inayokwenda kuchanja watoto vijijini ina gari, mafuta na tarehe zake. Ombeni mtaalamu wa mazoezi ya viungo awekwe kwenye gari hilohilo, hata mara moja kwa mwezi, awafundishe nyinyi wazazi mazoezi ya kufanya kila siku nyumbani. Hakuna kuunganisha huduma kwa bei nafuu kuliko huko. Jikusanyeni wazazi wenye watoto kama hao, mpeleke majina kwa mganga mfawidhi pamoja.

Ustawi wa jamii na maendeleo ya jamii si kitu kimoja? (Msomaji, Duga)

Hapana. Ustawi wanashughulika na mtu aliye kwenye shida: mzee, mlemavu, mtoto aliyetelekezwa. Maendeleo ya jamii wana vikundi, na ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, na katika hizo 10, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Ni mkopo, unarudishwa.

Nimechaguliwa kamati ya kituo. Kwenye vikao tunasainishwa tu. (Mjumbe, Ngamiani)

Omba taarifa ya mapato na matumizi siku chache kabla, uisome nyumbani. Tafuta mstari wa ziara za nyumbani. Ukiambiwa fedha haikuja, uliza kama iliombwa. Kama haikuombwa, taka iandikwe kwenye mpango ujao kikao hichohicho, na usisaini mpaka umeiona kwa macho yako. Kisha omba kuoneshwa daftari la wagonjwa wa nyumbani. Kama daftari halipo, anzeni na hilo.